Sura ya Saba: Bakala ya Vicenza na Polenta

Bakala ya Vicenza ni samaki mkavu aliyelowekwa siku mbili au tatu, akapikwa kwa moto mdogo kabisa kwa saa nne na nusu ndani ya vitunguu, maziwa na mafuta ya zeituni, kisha akapakuliwa pamoja na polenta, yaani ugali wa mahindi wa Italia Kaskazini. Vicenza ni mji wa mkoa wa Veneto, katikati ya Verona na Venezia, na hauna pwani. Hata hivyo chakula kinachoutambulisha ni samaki anayevuliwa kaskazini ya mbali nchini Norway, na kitoweo hicho huliwa kwa nafaka iliyotoka Amerika.

Samaki huyu anapofika jikoni ni mgumu kama kuni. Hana maji, hana chumvi, na nyama yake haikuwa na mafuta ya kutajika hata alipokuwa hai. Mapishi yote ya Vicenza yamepangwa ili kumpa vitu hivyo kimoja kimoja, kwa zamu na kwa muda wake.

Samaki na namna anavyokaushwa

Kitaalamu samaki huyu anaitwa Gadus morhua. Kamusi za Kiswahili humwita chewa, ingawa si yule chewa wa miamba anayevuliwa pwani ya Afrika Mashariki. Katika sura hii ataitwa chewa wa kaskazini. Huishi kwenye maji baridi ya Atlantiki Kaskazini na Bahari ya Barents. Kati ya Januari na Aprili kila mwaka, makundi makubwa ya chewa waliokomaa hushuka kutoka Barents kwenda kutaga kandokando ya visiwa vya Lofoten, Norway, na huko ndiko wavuvi huwasubiri.

Mafuta ya samaki huyu hukaa kwenye ini, ambalo ndilo linalokamuliwa mafuta yanayouzwa kwenye maduka ya dawa. Nyama yenyewe ina mafuta yasiyofika asilimia moja. Hiyo ndiyo sababu anakaushika vizuri kuliko samaki wengi: samaki mnono akikaushwa, mafuta yake huharibika na kutoa harufu mbaya, lakini chewa wa kaskazini aliyekaushwa sawasawa huweza kukaa miaka bila kuoza.

Njia za kumhifadhi ni mbili. Ya kwanza ni chumvi. Samaki hupasuliwa, akabanduliwa sehemu kubwa ya uti wa mgongo, akapangwa matabaka kwa matabaka na chumvi nyingi inayovuta maji kutoka kwenye nyama. Wabaski na Wareno walimhifadhi hivyo walipokuwa wakivua Newfoundland tangu karne ya 16. Njia ya pili ni upepo. Watu wa kaskazini ya Norway hawakuwa na jua la kutosha kuyakausha maji ya bahari wapate chumvi kwa wingi, lakini Lofoten ina hali ya hewa ya pekee. Kuanzia Februari hadi Mei joto huko huzungukazunguka nyuzi sifuri za Selsiasi: baridi inatosha kuwazuia nzi na kudhoofisha bakteria, ila si kali kiasi cha kugandisha nyama na kuipasua. Samaki hukatwa kichwa, hutolewa matumbo, hufungwa wawiliwawili mikiani na kutundikwa kwenye vichanja vya mbao nje, bila chumvi wala moshi. Kilo tano hivi za samaki mbichi hubaki kilo moja.

Sehemu kubwa ya Italia humwita samaki wa chumvi baccalà na yule wa upepo stoccafisso. Veneto hufanya tofauti: huko baccalà ni huyu wa upepo. Mpishi anayesoma maelekezo ya Vicenza anapaswa kulijua hilo kabla hajaenda dukani, kwa kuwa samaki wa chumvi na samaki wa upepo hawalowekwi sawa wala hawaivi kwa muda mmoja.

Baada ya kushushwa kwenye vichanja, samaki hukaa ghalani miezi kadhaa, kisha wakaguzi wazoefu huwapanga kwa madaraja yapatayo ishirini, wakitumia macho, mikono na pua. Daraja la juu linaitwa Ragno na hupelekwa Italia, soko kubwa la chewa mkavu aliye bora. Vichwa hukaushwa kando na kuuzwa hasa Nigeria, ambako samaki huyu na vichwa vyake ni viungo vya supu za kila siku. Ulaji huo ulienea zaidi wakati wa vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, Norway ilipopeleka samaki mkavu kama msaada wa chakula.

Kutoka Røst hadi Veneto

Habari za chewa mkavu zilizohifadhiwa vizuri zaidi Venezia ni za mfanyabiashara Pietro Querini. Aliondoka Krete mwezi Aprili 1431 akiwa na watu 68 na shehena ya mvinyo na viungo, akielekea Flanders. Dhoruba zilivunja usukani wa meli na kuisukuma mbali kaskazini-magharibi. Mwezi Desemba mabaharia waliiacha meli wakaingia kwenye mashua mbili, na moja haikuonekana tena. Mashua ya Querini ilifika Januari 1432 kwenye kisiwa kitupu karibu na Røst, ncha ya kusini ya Lofoten. Wavuvi wa Røst walipowagundua, waliosalia hai walikuwa 11.

Walikaribishwa kwenye nyumba za wavuvi wakakaa hadi Mei. Querini aliacha maelezo ya maisha ya kisiwa hicho, na ndani yake akasimulia jinsi samaki walivyokaushwa kwa upepo na jua bila chumvi hadi wakawa wagumu kama mti, na jinsi wenyeji walivyowaponda kabla ya kuwala kwa siagi na viungo. Alipoondoka alipewa samaki 60 wakavu, na mwaka huohuo alifika Venezia.

Masimulizi ya Veneto hupenda kuuanzisha ulaji wa bakala kwa safari hiyo. Biashara yenyewe ilikuwa na umri mkubwa zaidi: katika Zama za Kati chewa mkavu alikuwa tayari anapitia Bergen mikononi mwa wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa. Kilichompa nafasi ya kudumu katika majiko ya Italia ni kalenda ya Kanisa. Mtaguso wa Trento, uliofanyika kati ya 1545 na 1563, ulisisitiza upya siku za kujinyima nyama, yaani Ijumaa na Kwaresima. Miji ya bara iliyo mbali na bahari ilihitaji samaki wa bei nafuu asiyeoza njiani. Askofu Olaus Magnus wa Sweden, aliyekuwa akiishi uhamishoni Italia, alichapisha Roma mwaka 1555 kitabu kikubwa kuhusu mataifa ya kaskazini, na samaki mkavu ana sehemu yake humo. Mpaka leo, kwa desturi, maduka ya Veneto huuza bakala iliyokwisha kulowekwa zaidi karibu na Ijumaa.

Mwaka 1987 wapenzi wa chakula hiki waliunda chama, Confraternita del Bacalà alla Vicentina, huko Sandrigo, mji mdogo kaskazini mwa Vicenza. Chama hicho kiliandika mapishi rasmi ili mikahawa isije ikauza chochote kwa jina la bakala ya Vicenza. Kila Septemba Sandrigo hufanya sikukuu ya bakala, na mji huo una undugu rasmi na Røst.

Mahindi yanaingia mezani

Polenta ni ya kale kuliko mahindi. Kabla ya karne ya 16 wakulima wa Italia Kaskazini walikoroga uji mzito wa mtama, ulezi, shayiri au unga wa njugu za chestnut. Mahindi yalipoletwa kutoka Amerika yalishika kwa kasi Veneto, kwa sababu shamba lilelile lilitoa chakula kingi kuliko nafaka za zamani. Vicenza ina mbegu yake, mahindi ya Marano, yenye gunzi dogo na punje ngumu za rangi ya chungwa, iliyopatikana baada ya mkulima Antonio Fioretti kuanza kuchanganya mbegu mwaka 1890. Upande wa Treviso, Padova na Venezia hupendwa zaidi polenta nyeupe, hasa kwa samaki. Bakala ya Vicenza huliwa kwa polenta ya njano.

Mahindi yalileta pia balaa. Familia maskini zilizokula polenta pekee asubuhi na jioni zilipata pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Jina hilo liliandikwa na daktari Francesco Frapolli wa Milano mwaka 1771. Chanzo ni ukosefu wa vitamini iitwayo niasini, ambayo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia. Watu wa Mexico waliokuwa wakila mahindi kwa maelfu ya miaka waliyachemsha kwanza kwa chokaa, na chokaa huifungua niasini. Wazungu walichukua mbegu bila kuchukua utaratibu huo. Ugonjwa huohuo uliwakumba wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi mwaka 1989 na 1990, mgawo wao wa karanga ulipokatika wakabaki na mahindi. Samaki, maziwa na jibini vinavyoambatana na polenta katika chakula cha Vicenza huziba pengo hilo. Lakini sahani hiyo kwa mkulima ilikuwa ya sikukuu au ya Ijumaa. Siku nyingine alikula polenta kwa kitoweo kidogo sana au bila kitoweo.

Mahitaji ya watu sita

Vipimo vya chama cha Sandrigo ni vya watu 12. Nusu yake inatosha watu sita:

chewa mkavu gramu 500;
vitunguu maji gramu 250;
mafuta ya zeituni nusu lita;
sadini mbili za chumvi;
maziwa freshi robo lita;
jibini ngumu ya Grana iliyokunwa gramu 25;
unga mdogo wa ngano;
majani ya paslei, chumvi na pilipili manga.

Kwa polenta: unga wa mahindi wa chengachenga gramu 600, maji lita mbili na robo hadi lita mbili na nusu, na chumvi.

Kiasi cha mafuta huwashtua wengi, lakini sehemu kubwa huungana na maziwa kuwa mchuzi, na kinachobaki juu huweza kuchotwa mwishoni.

Kuloweka

Samaki mkavu hupondwapondwa kwanza kwa nyundo ya mti ili nyuzi za nyama zilegee. Wauzaji wengi humuuza akiwa ameshapondwa. Kisha hutiwa kwenye beseni la maji baridi yanayomfunika kabisa, na maji hubadilishwa kila baada ya saa nne, kwa siku mbili au tatu. Kwenye nchi ya joto beseni hukaa ndani ya friji muda wote, la sivyo samaki ataanza kuoza kabla hajalainika.

Uzito wake huongezeka karibu mara mbili. Ili kujua kama ameiva kwa maji, sehemu nene ya mgongo hubonyezwa kwa kidole gumba. Nyama ikibonyea yote, yuko tayari; kidole kikigusa kitu kigumu katikati, anahitaji nusu siku nyingine. Hatua hii haifidiwi na moto. Kiini kilichobaki kikavu kitabaki kama kamba hata baada ya saa tano jikoni.

Samaki aliyelainika hupasuliwa kwa urefu, uti wa mgongo na miiba vikaondolewa, hasa ile midogo ya ubavuni inayohisiwa kwa kupapasa kuliko kuonwa. Ngozi huachwa. Ina kolajeni nyingi, na ikipikwa taratibu kolajeni huyeyuka kuwa jelatini inayoupa mchuzi uzito. Mwishowe nyama hukatwa vipande vya mraba vinavyolingana ili viive pamoja.

Kupika

Vitunguu hukatwa vyembamba na kulainishwa katika glasi moja ya mafuta kwa moto mdogo. Havikaangwi hadi kuwa vya kahawia, kwa sababu uchungu wake ungeufunika utamu wa samaki. Sadini huoshwa chumvi, hutolewa miiba, hukatwakatwa na kutiwa humo hadi ziyeyuke. Moto ukizimwa ndipo paslei iliyokatwakatwa hutiwa.

Vijiko vichache vya vitunguu hivyo hutandazwa chini ya chungu kipana cha udongo au sufuria nzito. Vipande vya samaki hupakwa unga wa ngano, huchovywa kwenye vitunguu, kisha hupangwa kimoja kando ya kingine, vimebanana bila nafasi. Vitunguu vilivyobaki humwagwa juu, pamoja na maziwa, jibini, pilipili manga na chumvi kidogo. Mafuta ya zeituni hutiwa mwisho, hadi vipande vyote vifunikwe sawasawa.

Chungu hukaa kwenye moto mdogo kuliko wote unaoweza kupatikana, kwa saa nne na nusu hivi. Watu wa Vicenza wana neno lao la lahaja kwa hatua hii, pipare. Kinachotafutwa ni mapovu machache yanayopanda polepole, moja hapa, moja pale, na kupasuka kwa sauti ndogo. Mapovu yakija kwa wingi, moto ni mkali: maziwa yatakatika na nyama itakakamaa.

Ndani ya saa hizo samaki hakorogwi hata mara moja. Mwiko ungemvunja na kumfanya rojo. Badala yake chungu chenyewe hushikwa masikio na kuzungushwa kidogo kila baada ya muda ili chini pasishike. Huku maji ya maziwa yakipungua, jelatini ya ngozi, protini za maziwa na unga wa ngano hushikana na mafuta, na mchuzi huwa mzito na mweupe kama krimu. Bakala imeiva pale kipande kinapogawanyika kwa uma bila kulazimishwa, lakini bado kinaonekana ni kipande.

Ni vizuri kukiacha chungu kitulie saa 12 hadi 24 mahali pa baridi, kisha kukipasha polepole. Chumvi ya sadini na jibini hupata muda wa kuingia hadi katikati ya nyama, na mchuzi hushikamana zaidi.

Polenta

Anayejua kusonga ugali ameshajua nusu ya kazi. Tofauti iko kwenye unga na muda. Unga wa polenta ni wa chengachenga, na maji huchukua muda mrefu kupenya kila chenga na kuivisha wanga uliomo ndani. Ugali wa unga laini ukitosheka na robo saa, polenta hutaka dakika 45 hadi saa nzima.

Maji hutiwa chumvi na kuchemshwa katika sufuria nzito; Veneto hutumika sufuria ya shaba nyekundu yenye kitako cha duara, iitwayo paiolo. Maji yakianza kuchemka, unga hunyunyizwa kidogokidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga, ili usifanye madonge. Moto hupunguzwa na kukoroga kunaendelea kwa mwiko mrefu, kwa kuwa mapovu ya polenta huruka na kuunguza mkono. Mwanzoni inakuwa nyepesi kama uji. Baada ya nusu saa huanza kuvuta mwiko, na mwisho hubanduka kwenye kuta za sufuria na kuacha utando mkavu.

Ikifika hapo humwagwa kwenye ubao wa mti, ambako hujitandaza na kushikana kwa dakika chache. Haikatwi kwa kisu, kwa sababu hunata. Uzi mnene hupitishwa chini yake na kuvutwa juu, na vipande hutoka na ukingo safi.

Kupakua

Kipande kimoja au viwili vya polenta ya moto huwekwa kwenye sahani na bakala hupakuliwa kando, na mchuzi wake juu. Hakuna mboga wala wanga mwingine unaoongezwa. Kwa kuwa polenta haina mafuta na ina chumvi kidogo, ndiyo inayousawazisha unono wa samaki.

Polenta iliyolala hukatwa vipande na kuchomwa juu ya mkaa hadi iote ganda. Hivyo ndivyo huliwa pia na bakala ya Venezia, iitwayo mantecato: chewa mkavu huyohuyo aliyechemshwa, akapigwa kwa mwiko huku mafuta ya zeituni yakidondoshwa taratibu hadi akawa krimu nyeupe.

Akipatikana samaki wa chumvi

Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, chewa wa chumvi hupatikana kwa urahisi zaidi, hasa kwenye maduka ya Wareno na watu wa Karibi. Anaweza kupikwa kwa mtindo wa Vicenza kwa kubadili mambo matatu. Hulowekwa ndani ya friji kwa saa 24 hadi 48 kulingana na unene, maji yakibadilishwa mara mbili au tatu kwa siku. Kipande kidogo kutoka katikati huchemshwa na kuonjwa kabla ya kuamua kuwa chumvi imetoka vya kutosha. Chungu hakitiwi chumvi nyingine, na sadini hupunguzwa kuwa moja. Muda wa moto hushuka hadi saa moja na nusu au mbili, kwa sababu nyama ya samaki wa chumvi ilibaki na maji mengi na hailingani kwa ugumu na ile iliyokaushwa na upepo.

Samaki wa chumvi ana pia mapishi yake mwenyewe. Yanayojulikana zaidi ni ya Livorno, Toscana, ambako vipande hupakwa unga, hukaangwa, kisha huivishwa kwa muda mfupi katika nyanya na vitunguu saumu. Mchuzi huo wa nyanya nao huenda vizuri na polenta, na chakula chote, ukiondoa muda wa kuloweka, huwa tayari kwa takribani saa moja.